Mwongozo kamili: kuchora milima na maji kwa wino wa Kichina, kuanzia kibanda cha aliyejitenga mpaka muhuri

Wadau, ukiangalia ile michoro ya kale ya Kichina ya milima na maji jicho linaenda kwanza mlimani, ila tafuta vizuri pale chini au katikati ya miti, mara nyingi sana utakuta kibanda cha nyasi, au daraja na mzee anavuka na fimbo yake, au mvuvi peke yake mtumbwini. Mimi naamini kabisa huyo mtu mdogo na hicho kibanda ndo sababu ya mchoro mzima. Wengi wanaojifunzia kwenye video fupi wanafundishwa mlima na ukungu alafu kibanda kinabandikwa mwishoni kujaza nafasi, matokeo yake mchoro unapendeza ila huwezi kuingia ndani. Huu mwongozo tunaanza na mahali pa kukaa, milima itafuata.

Na wenyewe walishalisema zamani. Guo Xi, mchoraji wa ikulu enzi za Song ya Kaskazini, yule aliyechora Mwanzo wa Majira ya Kuchipua mwaka 1072, mafundisho yake yalikusanywa na mwanae Guo Si, na humo anasema kuna mandhari za kupita, za kutazama, za kutembelea na za kuishi, na hizo mbili za mwisho ndo bora kuliko mbili za kwanza. Anaeleza na sababu: mtu mwema anatamani misitu na chemchemi lakini ana wajibu kwa mfalme na kwa wazazi wake, hawezi kuacha kila kitu aondoke, kwaiyo mchoro mzuri unampa milima bila kutoka kwenye mkeka wake. Kabla yake Zong Bing, aliyefariki mwaka 443, alipozeeka na kuugua akawa hawezi tena kupanda milima akaichora kwenye kuta za chumba chake ili asafiri akiwa amelala.

Huyu mtu wa kibandani ni nani

Lazima umjue kabla hujashika brashi, la sivyo utachora nyumba tupu isiyo na maana. Mfano wake mkubwa ni Tao Yuanming, mshairi aliyezaliwa mwaka 365, ambae mwaka 405 aliacha ukuu wa wilaya ya Pengze baada ya siku themanini na kitu tu, inasimuliwa alikataa kumwinamia mkaguzi aliyetumwa na wakubwa kwa ajili ya mshahara wa vibaba vitano vya mchele. Akarudi kijijini kulima, na alilima kweli, mwaka 408 nyumba ikaungua, na ana shairi zima la kwenda kugonga mlango wa mtu kuomba chakula. Watu wanadhani kujitenga kwenye hii michoro ni kama kwenda kupunga upepo wikiendi, kumbe kwa Tao ulikuwa uamuzi uliomgharimu, na ukilijua hilo hata nyumba unayoichora inabadilika: inakuwa na uzio, na njia iliyokanyagwa ya kwenda mtoni, na mti mbele ya mlango wa kukaa chini yake.

Si wote walioondoka moja kwa moja lakini. Wang Wei, mshairi na mchoraji wa enzi za Tang, alibaki serikalini huku ana makazi yake Wangchuan, milimani kusini mashariki mwa Chang'an, mji mkuu wa wakati huo, anakwenda na kurudi. Alafu Wamongolia walipotawala China, enzi za Yuan, wasomi wengi wakakosa nafasi serikalini au wakakataa kuutumikia utawala huo, na hapo ndo mchoro wa kujitenga ukafika kileleni. Huang Gongwang alikuwa karani, akafungwa jela kwa kesi iliyomhusu bosi wake, akatoka akawa mfuasi wa dini ya Kichina ya Dao na mpiga ramli, na akiwa na umri wa karibu miaka themanini ndo akaanza kuchora Makazi ya Milima ya Fuchun, kazi aliyoianza mwaka 1347 na kuandikia maelezo mwaka 1350. Mchoraji mwingine anaitwa Ni Zan, wa Wuxi, tajiri kwelikweli, aligawa na kuuza mali zake akaishi miaka mingi akizunguka kwenye boti maeneo ya Ziwa Tai, na mandhari zake karibu zote hazina mtu, kuna kibanda kitupu tu ukingoni na miti michache. Hicho kibanda kitupu kinanigusa kuliko milima yote ya ikulu, manake kiti kimeachwa kwa ajili yako wewe unaetazama.

Vifaa

Vinne tu: brashi, wino, jiwe la kusagia na karatasi. Kama una ndugu au jirani anaekwenda Guangzhou kufunga mzigo mwagize, hivi vitu ni vyepesi havimzidishii kilo, na mawe maarufu ya Duan yanatoka Zhaoqing ambapo si mbali na hapo, ila kwa kujifunza jiwe lolote laini lisilo na mikwaruzo linatosha, usitumie hela nyingi hapo.

Brashi chukua mbili. Moja ya manyoya ya kicheche, ni ngumu kidogo na inarudi yenyewe ukiikunja, hii ya mistari. Nyingine ya manyoya ya mbuzi, laini, inabeba maji mengi, hii ya kupaka wino mwepesi. Kama hela ni ya moja tu nunua ile ya mchanganyiko. Ikiwa mpya ncha yake imegandishwa na gundi, iloweke kwenye maji ya kawaida mpaka ilainike, sio maji ya moto.

Wino kuna wa kipande na wa chupa. Wa kipande unatengenezwa kwa masizi na gundi, masizi ya msonobari yanatoa weusi usiong'aa wenye ubluu kwa mbali, na masizi ya mafuta yanatoa weusi wa joto unaong'aa kidogo, kwa milima mimi nashauri uanze na huu wa mafuta. Wa chupa unafaa kwa mazoezi, hamna shida kabisa. Kitu cha kuogopa ni ule wino wa kuchorea usiotoka kwa maji, wenye sandarusi ndani, huo ukikauka kwenye brashi ndo basi, brashi umeipoteza.

Karatasi hapa ndo pa kuzingatia. Karatasi ya Xuan inatoka wilaya ya Jing mkoani Anhui, inatengenezwa kwa magome ya mti wa qingtan na majani makavu ya mpunga, na ufundi wake uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2009. Kuna mbichi, inafyonza wino papo hapo na kila ulipositasita panaonekana, na kuna iliyopikwa, yaani imepakwa shabu na gundi, wino unakaa juu haukimbii. Anayeanza achukue ya katikati, nusu mbichi nusu iliyopikwa. Shiti ya kawaida ni sentimita 69 kwa 138, ikate vipande vinne utapata saizi nzuri sana ya kusimama wima. Chini yake tandika blanketi, bila hivyo wino unashika meza na kurudi kwenye karatasi madoa. Ongeza sahani nyeupe mbili, kopo mbili za maji na kitambaa.

Mkono na wino, wiki za mwanzo

Shika brashi wima, kiwiko kiwe juu ya meza bila kuegemea, mwendo utoke begani, vidole viwe vya kuelekeza tu. Ncha ikipita katikati ya mstari unapata mstari wa mviringo wenye nguvu, huo ndo wa mashina na mipaka ya mawe. Ukilaza brashi ubavu unapata mkwaruzo mpana wenye mapengo meupe, huo ni wa majabali. Jaza karatasi za magazeti kwa hiyo mistari miwili, mirefu, ya kupanda na kushuka, ya kukaza na kulegeza, mpaka mkono uache kutetemeka.

Kusaga wino: matone machache ya maji kwenye jiwe, kipande kikiwa wima, zungusha taratibu bila kukandamiza, robo saa hivi, mpaka ukipitisha kipande njia ibaki nyuma yake kwa sekunde moja kabla ya kujifunga. Kipande usikiache kimesimama juu ya jiwe kitaganda. Na huo muda wa kusaga usiuone kero, ndo wakati wa kukaa na mchoro kichwani, utaingilia wapi, nyumba iko wapi, maji yanatoka wapi. Ukimaliza kazi osha jiwe, wino uliolala una chembechembe.

Wachina wanahesabu weusi wa aina tano: uliokolea mpaka ukaungua, mzito, wa wastani, mwepesi, na ule ambao ni kama maji tu. Watengeneze kwenye sahani, alafu jifunze kuwabeba pamoja kwenye brashi moja: lowesha brashi yote kwa wino mwepesi, ikamue kidogo kwenye ukingo, kisha gusisha ncha tu kwenye wino mzito. Ukiivuta ubavu mstari unatoka mweusi upande mmoja na kufifia upande wa pili, ndo jiwe lenye mwanga na kivuli kwa mpigo mmoja. Hili zoezi rudia sana, mimi naona ndo lenye faida kuliko yote.

Mawe na miti ndo herufi

Kitabu cha mafunzo kilichotoka Nanjing mwaka 1679, Bustani ya Mbegu ya Haradali, ambacho kimefundisha vizazi na vizazi, kinaanza na miti, kinafuata mawe, ndo zinakuja nyumba na watu. Fuata utaratibu huo kwenye mazoezi.

Mti anza na mti mkavu bila majani. Shina kwa mistari miwili inayokatikakatika, matawi yatoke pande nne, mengine yakujie wewe, mengine yaende nyuma, sio kulia kushoto tu. Kuna matawi ya kupanda yanayoitwa pembe za kulungu na ya kushuka yanayoitwa kucha za kaa, Guo Xi alizitumia sana hizo kucha. Ukishaweza mti mmoja weka miwili, mmoja mkubwa umesimama na mdogo umeinama kumpisha, kisha mitatu ya urefu tofauti. Majani ni nukta tu: nukta za pilipili manga za mviringo, nukta za miguu ya panya, nukta za kulala. Changanya aina mbili au tatu kwenye kundi moja la miti ili isionekane msitu wa kupanda na serikali.

Jiwe lazima lionyeshe nyuso tatu, juu na pande mbili. Chora mpaka wake, kisha weka ngozi yake, yaani mistari au vinukta vya kuonyesha uso wa jiwe ulivyo, na ngozi inategemea ni milima ya wapi, hapa watu wanachanganya sana. Vilima vya kusini ya mto Yangzi ni udongo na majani, kwaiyo Dong Yuan na mwanafunzi wake Juran wakatumia mistari mirefu laini inayolegea, ya nyuzi za katani. Milima ya kaskazini ni majabali makavu, Fan Kuan akaijaza vinukta vya kuchomachoma vya matone ya mvua. Li Tang akatumia mikato ya shoka, brashi ubavuni, haraka, inafaa magenge yaliyochongoka. Ni Zan alitumia brashi kavu ubavuni, inaenda kulia alafu inakunja kushuka, mwamba unakuwa na ngazi ngazi. Chagua ngozi moja kwa mchoro mmoja. Kwa mandhari ya kujitenga ya kwanza chukua nyuzi za katani, inasamehe, na ndo aliyoitumia Huang Gongwang pale Fuchun.

Sasa mchoro wenyewe

Karatasi wima. Usitumie penseli, ila unaweza kukwaruza alama nyepesi za ukucha au kipande cha mkaa mkavu utakachopangusa.

Kwanza amua mahali pa nyumba. Isiwe katikati, na isiwe pembeni kabisa, weka kwenye theluthi ya chini, nusu yake imefichwa na miti, mgongo wake umeegemea mwamba na mlango unatazama maji. Wachina walijenga hivyo kweli, mlima nyuma maji mbele. Kisha amua mtu anafikaje pale: njia ianzie ukingo wa chini wa karatasi au kwenye daraja, ijifiche nyuma ya jiwe, itokee tena juu kidogo, ifike mlangoni. Kama njia yako inakatika isieleweke ilikoenda rekebisha sasa hivi kabla wino haujagusa karatasi.

Anza na miti ya mbele, wino mzito, mitatu au mitano, manake hiyo ndo itapima ukubwa wa kila kitu. Kipimo cha kale kinachosemwa ni cha Wang Wei kinasema mlima futi kumi, mti futi moja, farasi inchi, mtu ni sehemu ya kumi ya inchi. Ukikosea hapo ukamchora mtu mkubwa mlima wote unageuka kichuguu. Nenda katazame Wasafiri Kati ya Milima na Vijito ya Fan Kuan hata kwa picha ya kwenye simu, orijino iko Taipei, ina zaidi ya mita mbili kwenda juu na jabali limechukua karibu theluthi mbili, na msafara wa punda pale chini ni wa kuutafuta. Mwaka 1958 wakakuta jina la mchoraji limejificha kwenye majani nyuma ya huo msafara, yeye mwenyewe alijiweka hapo chini.

Baada ya miti chora mawe ya mbele, kisha nyumba kwa mistari michache, paa la nyasi, nguzo mbili, dirisha wazi. Mtu akiwepo ni mistari minne mitano bila uso, amekaa, au anasoma, au mtoto anakuja nyuma na qin begani, ala ya nyuzi ya Kichina. Ukitaka njia ya Ni Zan acha kitupu.

Sasa ruka juu, kwenye mlima mkubwa. Guo Xi anataja umbali wa aina tatu: wa kimo, ukiwa chini unatazama kilele, wa kina, ukichungulia kutoka mbele kwenda nyuma ya mlima, na wa tambarare, ukitazama kutoka mlima wa karibu kwenda wa mbali. Kwa mchoro wetu tumia kimo kwa mlima mmoja na tambarare kwa vilima vya upande wa maji. Vuta mpaka wa mlima kwa wino wa wastani kuanzia kileleni ukishuka, weka nyuzi za katani kufuata mteremko, na ukikaribia kwenye miti ya chini punguza wino, punguza tena, kisha acha kabisa. Hapo usiguse. Karatasi nyeupe iliyobaki kati ya mlima na miti ndo ukungu. Guo Xi alisema mlima ukiuonyesha wote hauwi mrefu, ukungu ukiufunga kiuno ndo unakuwa mrefu, na mto ukiuonyesha wote hauendi mbali, ukikatwakatwa na vilima ndo unaenda mbali. Maji pia usiyachore, yachie karatasi, weka mistari michache tu kwenye kingo na pale maporomoko yanapogonga mwamba.

Pumzika mpaka ikauke. Kisha kwa brashi karibu kavu kwaruza mapengo ya kwenye mawe yapate uzito. Halafu brashi ya mbuzi, wino mwepesi kabisa, paka sehemu za vivuli, chini ya mawe, pande za mabonde, tabaka moja, ikauke, tabaka la pili, ni bora tabaka nne nyepesi kuliko moja nzito. Ukingo wa ukungu ulainishe kwa brashi yenye maji matupu wakati wino bado umelowa. Milima ya mbali kabisa haina mistari, ni pigo moja la wino wa maji tu. Mwisho nukta za moss, yaani vile vimea vidogo vya kijani vinavyoota juu ya mawe, wino mzito, kwenye migongo ya mawe na maungio, chache, na hapa watu ndo wanaharibu kwa kupenda nukta. Bandika ukutani, rudi nyuma hatua kadhaa, usiku ulale ndo kesho uamue kama kuna kilichopungua.

Maandishi, muhuri na kubandika

Maandishi yanakaa kwenye nafasi tupu ya juu, yasizibe ukungu. Andika tarehe, mahali, na mistari miwili mitatu ya kwako. Mimi nashauri uandike kwa Kiswahili, shairi lenye vina na mizani limekaa vizuri sana pale, kuliko kunakili herufi usizozielewa. Muhuri mwekundu mmoja mdogo chini ya jina, upande ulio mwepesi.

Wino mweusi ukikauka karatasi inajikunja, kwaiyo inabandikwa karatasi nyingine nyuma. Pika gundi ya wanga wa ngano iwe nyepesi, laza mchoro kifudifudi juu ya meza safi, nyunyiza maji, ipanguse kwa brashi pana mpaka mikunjo iishe, paka gundi kwa nyuma ukianzia katikati kwenda nje, weka karatasi ya pili juu, kandamiza kwa brashi kavu, paka gundi kingo tu kisha ibandike kwenye ubao mpaka ikauke na kukaza. Wino wa chupa baadhi unachuruzika ukilowa, jaribu kwanza na kipande cha mazoezi.

Ukishamaliza michoro kadhaa ya wima jaribu karatasi ya kufunua, yaani ile ndefu inayoviringishwa, inayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kipande kidogo kwa wakati. Ile ya Huang Gongwang ilinusurika kwa bahati, mwaka 1650 mmiliki wake Wu Hongyu akiwa anakufa aliamuru ichomwe, mpwa wake akaiokoa ikiwa imeshashika moto na kukatika, kipande kifupi kiko Hangzhou na kirefu kiko Taipei, vikaonyeshwa pamoja Taipei mwaka 2011. Huang alishauri pia utembee na brashi kwenye mfuko wa ngozi, ukikuta mti wa ajabu uunakili hapohapo. Kwenye karatasi ya kufunua mto ndo unaoshikilia kila kitu, uchore uwe unaonekana na kupotea kuanzia mwanzo mpaka mwisho, weka makazi sehemu tatu zenye umbali usiolingana, na kila urefu wa mikono miwili iliyotanuliwa acha sehemu ya maji matupu ili jicho lipumue kabla ya kilima kinachofuata.